Mashua Zilizovuka Milima Kwenda Vitani

Ndugu msomaji, ukitoka hapa Ngokolo kwenda Mwanza, mwisho wa safari utakutana na maji makubwa. Pale ufukoni utaona vyombo vya aina nyingi. Kuna mitumbwi ya wavuvi, mashua za injini, vivuko na meli. Kila chombo kina kazi yake. Mtumbwi unavua samaki. Kivuko kinavusha watu. Meli inabeba mizigo na abiria.

Je, umewahi kujiuliza, vita vikitokea vyombo hivi vinafanywa nini?

Mara nyingi havibaki na kazi yake ya kila siku. Serikali inavichukua kwa amri. Vinafungwa mizinga, vinapewa askari, vinatumwa kulinda maji. Mashua iliyokuwa ya raia inageuka manowari, yaani chombo cha vita.

Jambo hili lilitokea katika nchi yetu zaidi ya miaka 100 iliyopita, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Leo tutazisoma habari za mashua mbili ndogo za injini zilizopigana katika Ziwa Tanganyika. Tutaona zilivyogeuzwa kuwa za vita, zilivyofika ziwani, na zilivyopigana. Tutaona pia kina nani hasa walioziwezesha kufika.

KWA NINI MASHUA YA RAIA?

Kujenga manowari ni kazi ya miaka na fedha nyingi. Vita havingoji. Ndiyo maana serikali nyingi hutazama kwanza vyombo vilivyopo tayari.

Mwaka 1917 Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza. Pwani yake ni ndefu sana, na manowari zake hazikutosha kuilinda. Basi jeshi lake la maji lilichukua mashua nyingi za injini kutoka kwa watu binafsi. Nyingi zilikuwa mashua za matajiri, za kutembelea na kupumzikia. Kila moja ilipewa namba na kufungwa mzinga mdogo, kisha ikafanya doria. Kufanya doria ni kuzungukazunguka mahali ili kuona kama adui anakuja. Vita vilipokwisha, nyingi zilirudishwa kwa wenyewe.

Uingereza nayo ilifanya hivyo. Mwaka 1940, katika Vita Kuu ya Pili, mamia ya mashua ndogo za raia zilikwenda pwani ya Ufaransa, mahali paitwapo Dunkirk, kuwaokoa askari waliozingirwa na Wajerumani.

Mambo hayo ni ya mbali. Sasa turudi kwenye maziwa yetu.

VITA VILIPOFIKA KWENYE MAZIWA

Mwaka 1914 nchi yetu ilikuwa chini ya ukoloni wa Wajerumani. Kenya na Uganda zilikuwa chini ya Waingereza. Kongo ilikuwa chini ya Wabelgiji. Wakubwa hao walipoanza kupigana kwao Ulaya mwezi Agosti mwaka huo, walipigana pia huku Afrika. Mwafrika hakuulizwa kama anataka vita hivyo.

Tazama ramani ya Afrika ya Mashariki. Utaona kuwa mipaka mingi imepita katikati ya maziwa. Ziwa Viktoria lilikuwa na Waingereza kaskazini na Wajerumani kusini. Ziwa Tanganyika lilikuwa na Wajerumani mashariki na Wabelgiji magharibi. Kwa hiyo aliyetawala ziwa aliweza kuvusha askari na chakula apendavyo. Asiyetawala ziwa ilimbidi azunguke nchi kavu kwa miguu, miezi mingi.

Katika Ziwa Viktoria Waingereza walikuwa na meli za shirika la reli la Uganda. Baadhi yake ni Winifred, Sybil, Nyanza, Usoga na Kavirondo. Zilikuwa zikibeba abiria na mizigo kutoka bandari moja hadi nyingine. Vita vilipoanza zilifungwa mizinga. Wajerumani wa Mwanza walikuwa na meli ndogo ya kuvuta, iliyoitwa Muansa. Nayo ilifungwa mzinga. Kumbe vita vya Ziwa Viktoria vilikuwa vita vya meli za mizigo!

Mwezi Juni 1915 meli za Waingereza zilibeba askari kutoka Kisumu wakaishambulia Bukoba. Waliubomoa mtambo wa simu ya upepo wa Wajerumani, kisha wakaondoka. Mwezi Julai 1916 zilileta jeshi karibu na Mwanza. Mji huo ulitekwa tarehe 14 Julai. Kutoka Mwanza jeshi hilo lilisonga kusini kuelekea Tabora, na njia yake ilipita huku kwetu Shinyanga. Basi usidhani kuwa mambo ya ziwani hayamhusu mtu wa nchi kavu. Meli iliyofungwa mzinga Kisumu ndiyo iliyoleta askari mpaka kwenye mashamba ya babu zetu.

Ziwa Tanganyika hali ilikuwa tofauti. Huko Wajerumani ndio waliokuwa na nguvu. Walikuwa na meli mbili za moshi, Hedwig von Wissmann na Kingani. Mwezi Agosti 1914 waliishambulia meli ya Wabelgiji iitwayo Alexandre Delcommune, wakaiharibu. Tangu hapo ziwa lilikuwa lao.

Tena walikuwa na meli nyingine kubwa njiani. Iliitwa Graf von Götzen. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yale yalipita baharini mpaka Dar es Salaam, kisha yakaletwa kwa Reli ya Kati mpaka Kigoma. Huko iliungwa upya. Mwezi Februari 1915 ilishushwa majini. Ilikuwa na urefu wa mita 70 hivi. Hakuna meli nyingine ziwani iliyoweza kushindana nayo.

WAZO LA MWINDAJI

Mwezi Aprili 1915 mwindaji mmoja Mwingereza, John Lee, alikwenda kwa wakubwa wa jeshi la maji London. Yeye aliijua Afrika. Aliwaambia kuwa Wajerumani wanaunda meli kubwa Kigoma. Akawaambia pia kuwa meli ndogo zenye mbio zinaweza kuwashinda, ikiwa zitapelekwa kimya kimya upande wa Kongo.

Wakubwa wale walikubali. Lakini watapata wapi mashua haraka? Kiwanda cha Thornycroft huko Uingereza kilikuwa na mashua mbili za injini. Hazikuundwa kwa ajili ya kupiga mizinga. Ziliundwa kwa ajili ya Wagiriki, ziwe za kuhudumia ndege zinazotua majini. Serikali ya Uingereza ikazichukua.

Kila moja ilikuwa na urefu wa futi 40, yaani mita 12 hivi. Ni sawa na urefu wa basi kubwa. Upana wake ulikuwa futi 8. Zilikuwa za mbao, na injini zake zilitumia petroli.

Mkubwa wa safari alikuwa Geoffrey Spicer-Simson. Kwanza alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wake walikataa, wakaona ni mzaha. Basi akazipa majina Mimi na Toutou. Wakubwa wakakubali, wasijue kuwa mzaha ni ule ule. Aliyatoa majina hayo katika Kifaransa kwa kufuata mlio wa paka na mlio wa mbwa. Sisi Waswahili tukisikia Mimi tunafikiri mtu anajitaja mwenyewe!

MASHUA INAVYOGEUZWA MANOWARI

Hebu tuone kazi yenyewe ilivyofanyika. Si kazi ya kuweka bunduki tu na kuondoka.

Kwanza, mzinga. Mbele ya kila mashua ulifungwa mzinga mdogo wenye risasi ya ratili 3, yaani karibu kilo moja na nusu. Nyuma ilifungwa bunduki ya rashasha.

Pili, sakafu. Mzinga ukipigwa, unarudi nyuma kwa nguvu, kama vile bunduki ya gobori inavyompiga mtu begani. Mashua ya mbao ikifungwa mzinga bila kuimarishwa, mzinga utaing'oa sakafu. Jambo hili lilionekana wazi walipofanya majaribio katika mto Thames mwezi Juni 1915. Risasi ilipiga shabaha vizuri sana. Lakini mzinga haukuwa umekazwa barabara. Mzinga na mpigaji wake wote wawili wakarushwa mtoni. Baada ya hapo walikaza kila kitu upya.

Tatu, matangi ya mafuta. Petroli inashika moto upesi. Risasi moja ikipenya tangi, mashua yote inaungua. Kwa hiyo matangi yalizungushiwa bamba za chuma. Mashua nzima haikuweza kuvishwa chuma, maana ingekuwa nzito na kupoteza mbio zake.

Nne, watu. Mashua haipigani yenyewe. Inataka nahodha, fundi wa injini na mpiga mzinga waliozoeana.

Sasa tulinganishe. Meli ya moshi ya Wajerumani ilitumia kuni. Ili iondoke bandarini, lazima moto uwashwe mapema na maji yachemke. Mashua ya petroli inawashwa mara moja na kuondoka. Meli ya moshi ilikwenda polepole. Mashua ilikwenda mbio na kugeuka upesi. Tena ilikuwa ndogo, si rahisi kuilenga. Udhaifu wake ni kwamba ikipigwa risasi moja kubwa, basi imekwisha. Mbio zake ndizo zilizokuwa ngao yake.

SAFARI YA NCHI KAVU

Tarehe 15 Juni 1915 mashua zile zilipakiwa katika meli Uingereza, zikaletwa Cape Town, Afrika ya Kusini. Toka huko zilipanda treni kwenda kaskazini mpaka Kongo. Mwezi Agosti zilifika mahali paitwapo Fungurume, katika jimbo la Katanga. Hapo reli ikaishia.

Mbele yao ilikuwepo milima ya Mitumba na msitu. Barabara haikuwepo. Ilibidi kwenda maili 146 mpaka mahali paitwapo Sankisia, ambako kulikuwa na reli nyingine. Hizo ni kilomita 235. Ni mbali kuliko kutoka Shinyanga mjini mpaka Mwanza. Fikiri, ndugu msomaji, kuburuta basi mbili za mbao kwa mwendo huo, kupanda mlima na kushuka!

Kazi ilifanyika hivi. Mamia ya Waafrika walitangulia na mashoka, majembe na sururu. Walikata miti, wakang'oa visiki, wakachimba njia. Palipokuwa na bonde au kijito walijenga daraja la magogo. Nyuma yao zilikuja injini mbili za mvuke zenye magurudumu, mfano wa trekta kubwa sana, zikivuta mashua juu ya magari ya magurudumu. Injini ziliposhindwa, walifungwa maksai. Wakulima wa Usukuma wanawajua maksai. Wanajua kuwa maksai hasukumwi kwa hasira, anaongozwa na mtu anayemwelewa. Penye mlima mkali walifunga kamba kwenye miti mikubwa, wakavuta kwa nguvu ya watu, maksai na injini pamoja. Penye mteremko kamba zile zile zilitumika kuzizuia mashua zisiporomoke.

Injini ya mvuke haiendi bila maji. Nao ulikuwa wakati wa kiangazi. Mito ilikuwa imekauka. Ni nani aliyeleta maji? Ni akina mama wa vijiji vya huko. Walichota mbali, wakabeba vichwani, wakajaza injini. Siku hiyo mashine kubwa kutoka Ulaya ilisimama ikingoja mtungi wa mama.

Safari hiyo ya maili 146 ilichukua zaidi ya mwezi mmoja. Mwisho wa Septemba walifika Sankisia. Wakapanda reli fupi mpaka Bukama, kwenye mto Lualaba. Huko mashua ziliingia majini, lakini mto ulikuwa na maji machache. Zilikwama mchangani mara nyingi. Walizifungia mapipa matupu ubavuni ili zielee juu zaidi. Walipofika Kabalo walipanda reli tena. Mwishoni mwa Oktoba 1915 walifika Lukuga, kando ya Ziwa Tanganyika, mahali ulipo sasa mji wa Kalemie.

VITA ZIWANI

Mimi na Toutou zilishushwa majini siku chache kabla ya Krismasi ya mwaka 1915. Wajerumani hawakujua vizuri kuna nini Lukuga.

Tarehe 26 Desemba asubuhi, Kingani ilikuja kupeleleza. Waingereza waliiacha ipite kwanza. Kisha Mimi na Toutou zikatoka bandarini, zikaifuata kwa nyuma. Kwa nini kwa nyuma? Kwa sababu mzinga wa Kingani ulikuwa mbele, haukuweza kupiga nyuma. Ili ipigane, ilibidi igeuke kwanza. Mashua zenye mbio hazikuipa nafasi hiyo. Mapigano hayakutimia robo saa. Nahodha wa Kijerumani aliuawa, meli ikakamatwa. Katika meli hiyo walikuwemo pia mabaharia Waafrika.

Kingani ilikuwa imetoboka. Waliitengeneza, wakaifunga mzinga mkubwa zaidi, wakaipa jina la Fifi. Basi chombo kile kile kikawa cha upande wa pili.

Tarehe 9 Februari 1916 ilikuja Hedwig von Wissmann, kumtafuta mwenzake. Safari hii Toutou haikuwepo, maana ilikuwa imeharibiwa na dhoruba. Zilitoka Mimi na Fifi. Fifi ilikuwa na mzinga mzuri, lakini ilikuwa polepole. Mimi ilikuwa na mbio, lakini mzinga wake mdogo. Wakagawana kazi. Mimi ilitangulia, ikamsumbua Mjerumani kwa nyuma. Kila alipogeuka kuipiga, alipoteza mwendo. Fifi ikapata nafasi ya kumkaribia, ikampiga. Hedwig von Wissmann ikazama.

KUSHINDA KUNA MIPAKA

Tusidhani kuwa mashua mbili zilishinda vita vyote. Meli kubwa, Graf von Götzen, bado ilikuwepo. Ilikuwa imefungwa mzinga mkubwa uliotoka katika manowari Königsberg, ile iliyozamishwa katika mto Rufiji mwezi Julai 1915. Spicer-Simson hakuthubutu kuishambulia. Mashua ya mbao mbele ya mzinga kama ule ni kama yai mbele ya jiwe.

Mwezi Juni 1916 alifika Kasanga, kusini mwa ziwa, ambako Wajerumani walikuwa na ngome iliyoitwa Bismarckburg. Aliona mizinga juu ya ukuta, akaondoka. Wajerumani wakatoroka kwa mashua. Baadaye ilijulikana kuwa mizinga ile ilikuwa ya mbao, ya kutishia tu!

Hata Götzen yenyewe ilifika wakati mzinga wake ukaondolewa ukapelekwa kwenye vita vya nchi kavu, pakawekwa wa mbao. Wabelgiji walikuwa wanasonga mbele kwa miguu, na ndege zao zilitupa mabomu Kigoma. Wajerumani waliona hawawezi tena. Tarehe 26 Julai 1916 waliizamisha meli yao wenyewe, karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Lakini mafundi wao walifanya jambo la akili. Kabla ya kuizamisha walizipaka mashine zote grisi nyingi ili zisipate kutu. Siku mbili baadaye Kigoma ilitekwa.

KUTOKA VITANI KURUDI KAZINI

Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa meli ile. Grisi ilikuwa imefanya kazi yake. Mwaka 1927 ilianza tena safari, na jina jipya: Liemba. Hilo ni jina la zamani la Ziwa Tanganyika, hasa upande wa kusini.

Wazee wa Kigoma na Rukwa wanaijua Liemba. Kwa miaka mingi sana ilibeba watu, dagaa, mahindi na mananasi, ikisimama kijiji baada ya kijiji. Mwaka 1997 Umoja wa Mataifa uliitumia kuwarudisha kwao wakimbizi wa Kongo, zaidi ya watu 75,000. Meli iliyowahi kufungwa mzinga ikawa ya kuokoa watu.

Tunajifunza nini? Chombo hakina ubaya wala wema chenyewe. Mashua ni mashua. Wenye amri ndio wanaoamua ibebe mzinga au ibebe mahindi.

WALIOBEBA NI KINA NANI?

Sasa tufike kwenye jambo kubwa la makala hii.

Vitabu vingi vimeandikwa juu ya Mimi na Toutou. Ukivisoma utapata jina la mkubwa wa safari, jina la daktari, majina ya maofisa, hata majina ya mashua yaliyotokana na paka na mbwa. Lakini tafuta jina la mtu aliyejenga daraja la magogo. Tafuta jina la mama aliyebeba mtungi wa maji. Kwa kawaida hutaliona. Wameandikwa tu kama "wenyeji" au "wapagazi".

Vita vyote vya huku vilibebwa vichwani. Magari yalikuwa machache, na wanyama walikufa kwa mbung'o. Chakula, risasi na hata vipande vya mizinga vilibebwa na watu. Wasukuma na Wanyamwezi walijulikana kwa upagazi tangu zamani za misafara ya pwani. Lakini upagazi wa zamani ulikuwa na ujira na hiari. Upagazi wa vita ulikuwa wa kukamatwa. Pande zote mbili zilifanya hivyo, Mwingereza na Mjerumani.

Wanahistoria wanakadiria kuwa upande wa Waingereza peke yake ulichukua wapagazi karibu milioni moja kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Waliokufa ni karibu laki moja. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, malaria, homa ya mapafu, njaa na kuchoka.

Kumbukumbu yao moja iko Dar es Salaam, na wengi tunaitaja bila kujua. Ni soko na mtaa wa Kariakoo. Jina hilo limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya Kikosi cha Wapagazi. Mahali hapo palikuwa na kambi yao. Ukienda kununua kitenge Kariakoo, unakanyaga mahali walipolala wapagazi wa vita.

Kwa nini majina yao hayapo? Si kwamba kazi yao ilikuwa ndogo. Bila njia, bila daraja na bila mtungi wa maji, Mimi na Toutou zingebaki zinaoza porini. Sababu moja ni dharau ya wakoloni. Hawakuona haja ya kumwandika Mwafrika kwa jina lake. Sababu ya pili ni kwamba wengi wa wapagazi hawakujua kuandika. Aliyeshika kalamu alijiandika yeye na wenzake. Asiye na kalamu alisimulia jioni motoni. Naye alipokufa, habari zake zikafa pamoja naye.

Wewe, ndugu msomaji, umejifunza kusoma na kuandika. Hilo ndilo walilokosa wao. Katika kijiji chako bado wapo wazee waliosikia habari za vita hivyo kutoka kwa baba au babu zao. Waulize. Nani alichukuliwa? Alipelekwa wapi? Alirudi? Nani hakurudi? Chukua daftari, uandike jina lake, jina la kijiji chake, na yale yanayosimuliwa. Andika kama unavyosema. Usiogope makosa ya herufi, hayo yatasahihishwa. Jina lililopotea ndilo lisiloweza kusahihishwa.

MZUNGUMZE KATIKA KIKUNDI CHENU

1. Kwa nini mashua ndogo ya petroli iliweza kuishinda meli ya moshi iliyo kubwa kuliko yenyewe?

2. Mashua ya raia inahitaji kufanyiwa nini ili iwe ya vita? Tajeni mambo manne.

3. Kina nani walifanya kazi katika milima ya Mitumba, na kila kundi lilifanya kazi gani?

4. Je, katika ukoo wenu yupo aliyechukuliwa upagazi? Andikeni jina lake na mlisome mbele ya wenzenu.